Grisi, Vumbi la Meru na Bushi ya Plastiki

 

Leo nataka tuzungumze juu ya grisi, na nitasema jambo ambalo mafundi wengi hawatalipokea kirahisi. Katika sehemu nyingi za mashine tunazotumia huku kwenye miteremko ya Mlima Meru, grisi inaharibu kuliko inavyosaidia. Ziko bushi za plastiki zisizotaka grisi hata tone, na katika sehemu hizo zinafaa kuliko beringi za chuma. Sisemi sehemu zote. Nitaeleza pale zinapofaa, na nitaeleza pale zitakapokutia hasara kabla jua halijazama.

Nianze na Olmotonyi, nje kidogo ya mji wa Arusha, kwa sababu ni mahali pa miti. Chuo cha Misitu kipo pale tangu mwaka 1937. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo nacho kina msitu wake wa mafunzo hapo hapo. Ukipanda kidogo unakutana na mashamba ya paini na saiprasi, na penye paini na saiprasi pana misumeno. Iko mikubwa ya viwandani, na iko ile midogo inayohamishwa kutoka shamba hadi shamba, ambayo watu huiita dingdong. Yote ina beringi, na yote ina vumbi.

Sasa tulitazame vumbi lenyewe. Udongo wa huku umetokana na majivu ya mlima, na mlima wetu ulitoa majivu mara ya mwisho mwaka 1910, si zamani sana kwa umri wa mlima. Majivu ya volkano ndani yake yana vipande vidogo mno vya kioo na madini magumu. Wakati wa kiangazi yanapeperuka, yanaingia kila tundu. Juu ya hayo ongeza vumbi la mbao kutoka kwenye msumeno, na ongeza utomvu wa paini unaonata. Halafu kuna grisi, ambayo kazi yake mojawapo ni kunata ili isikimbie kwenye beringi. Inanata kweli, na kila kinachopita inakinasa. Baada ya wiki chache kilichomo ndani ya beringi si kilainisho tena, ni kama ile dawa ya kusagia vali ambayo fundi wa injini huipaka makusudi ili chuma kile chuma. Fundi akisikia beringi inalia anaongeza grisi, na grisi mpya inasukuma vumbi la zamani liingie ndani zaidi.

Liko jambo jingine linaloniuma zaidi ya beringi kufa. Vituo vya kupigia grisi kwenye mashine nyingi vimekaa vibaya, nyuma ya mnyororo, chini ya mkanda, kando ya msumeno. Kusimamisha mashine ni kupoteza mbao, basi kijana anaambiwa aingize mkono mashine ikiwa inazunguka. Wapo watu katika mkoa huu wasio na vidole kamili kwa sababu hiyo. Sehemu isiyohitaji grisi ni sehemu ambayo hakuna mtu atakayetumwa kupeleka mkono. Kwangu mimi hiyo peke yake ingetosha kutufanya tuzungumze jioni hii.

Tueleze basi kitu chenyewe. Bushi ni kipande cha bomba fupi, shafti inapita katikati na kuzunguka ndani yake. Haina gololi. Bushi ya shaba tunaijua sote, ikikosa oili inakauka na kuikwaruza shafti. Bushi ya plastiki tunayoizungumzia ina kilainisho ndani ya mwili wake. Plastiki yenyewe ndiyo msingi. Mara nyingi huchanganywa na nyuzi za kioo au za kaboni ili ibebe mzigo bila kukandamizika. Halafu humo humo, kuanzia ukuta wa nje hadi wa ndani, zimetawanywa chembe za kilainisho kikavu, nazo ni tefloni, au grafaiti, au ule unga mweusi wa molibdeni ambao mafundi wa magari wanaufahamu. Nyingine zina matone ya oili yaliyofungiwa ndani ya plastiki wakati wa kuimimina.

Shafti inapoanza kuzunguka, saa za mwanzo bushi inalika kidogo. Hilo linawatisha watu, na halipaswi kuwatisha. Uso wa shafti, hata ukiwa umekerezwa vizuri, una vibonde ambavyo jicho halivioni. Chembe zinazotoka kwenye bushi zinavijaza vibonde hivyo na kuweka utando mwembamba juu ya chuma. Utando ukishakaa, si plastiki na chuma vinavyosuguana tena bali plastiki na plastiki, na kulika kunapungua sana. Kadiri bushi inavyolika, chembe nyingine zinafunuliwa. Kilainisho hakiishi mpaka bushi yenyewe iishe. Vumbi likiingia halikuti grisi ya kunatia. Sehemu yake hutoka yenyewe, na punje ngumu ikibaki inazama kwenye plastiki laini badala ya kuzunguka ikichimba shafti. Punje zikiwa nyingi mno zitaikwaruza shafti hata hivyo, kwa hiyo kinga ya vumbi isiondolewe.

Plastiki hizi si ngeni hata kidogo. Naironi ilipatikana mwaka 1935 katika maabara ya kampuni ya DuPont kule Marekani, chini ya mkemia Wallace Carothers. Tefloni ilipatikana katika kampuni hiyo hiyo tarehe 6 Aprili 1938, kwa bahati. Roy Plunkett alifungua mtungi wa gesi, gesi haikutoka, lakini mtungi ulipopimwa uzito ulikuwa ule ule. Wakaukata, wakakuta unga mweupe unaoteleza ajabu. Ninyi mnaijua tefloni kwa kikaango, na kwa ule utepe mweupe ambao fundi bomba huzungushia nyuzi za koki. Na ukienda stationari pale mjini ukaomba nakala ya cheti, karatasi yako inavutwa na viroli ambavyo vingi vyake vinazunguka kwenye bushi za plastiki ambazo hakuna anayezipiga grisi tangu mashine itoke kiwandani.

Lakini wazo lenyewe, la kitu kinachozunguka bila kupakwa oili, limetangulia plastiki kwa mbali, na lilianzia kwenye mbao. Nawaomba watu wa Olmotonyi wasikilize hapa kwa makini. Mwingereza John Harrison, seremala kwa kazi, miaka ya 1720 alitengeneza saa ya mnara kwa mbao, na sehemu zinazosuguana akazifanya kwa mti mgumu uitwao lignum vitae ambao una mafuta ndani ya nyuzi zake. Hakuwa na haja ya oili, na saa hiyo bado inatembea. Mwaka 1854 mhandisi John Penn akapata hataza ya kutumia mti huo huo kwenye shafti za rafadha za meli, kwa kuwa beringi za shaba zilikuwa zikilika upesi mno. Maji ya bahari yakawa ndiyo kilainisho. Kwa miaka mingi iliyofuata meli zilitembea hivyo, na mitambo ya kufua umeme kwa maji pia ikautumia.

Na hapa kwetu? Hapa kwetu kazi hiyo ilifanyika Arusha. Miaka ya 1970 kulikuwa na kitengo cha kupima mashine za kilimo kilichojulikana kwa kifupi TAMTU. Kitengo hicho kilishughulika na mikokoteni ya ng'ombe kwa ajili ya vijiji, na kikakutana na swali ambalo bado lipo leo: mkokoteni wa kijijini, unaopita kwenye vumbi, mbali na duka la vipuri, uwekwe beringi gani? Gololi za kiwandani zilikuwa ghali na zikifa hakuna pa kuzipata. Jibu lilikuwa kipande cha mbao ngumu, kilichotobolewa tundu la ekseli, kisha kikachemshwa kwenye oili.

Ngoja nieleze utaratibu, kwa sababu ni elimu nzuri na sitaki ipotee. Unachagua mti mgumu na mkavu. Unakata kipande kirefu, angalau mara mbili ya kipenyo cha ekseli, ili mzigo utawanyike. Unakiweka kwenye oili ya moto, hata oili iliyokwisha kutumika kwenye injini. Mapovu yanaanza kutoka: ule ni unyevu na hewa vinavyotoka ndani ya mbao. Unasubiri mpaka mapovu yakome. Kisha, na hapa ndipo wasiojua hukosea, huitoi mbao. Unaacha ipoe ikiwa ndani ya oili, maana ni wakati wa kupoa ndipo mbao inapoinyonya oili kuingia kwenye nafasi zilizoachwa na unyevu. Ukiitoa ikiwa moto itanyonya hewa. Ukimaliza unacho kitu chenye kilainisho ndani ya mwili wake, kama ile bushi ya plastiki niliyoieleza dakika chache zilizopita.

Mwaka 1981 Bunge lilianzisha CAMARTEC, Kituo cha Zana za Kilimo na Teknolojia Vijijini, na TAMTU ikaingia ndani ya kituo hicho. Kwa hiyo mtu akiwaambia kwamba bushi zisizotaka grisi ni mambo ya Ulaya yasiyofaa mazingira yetu, mwambieni kwamba Arusha ilizitengeneza kwa mbao na oili chafu kwa ajili ya mazingira haya haya. Kilichobadilika ni malighafi. Plastiki inakerezwa kwa vipimo sahihi zaidi, haiozi, na bushi ya pili inatoka sawa na ya kwanza. Mbao haiwezi kukuahidi hivyo.

Tuje sasa kwenye sehemu zenyewe za mashine. Kwenye msumeno wa kupasulia magogo kuna lile toroli linalobeba gogo kuelekea kwenye msumeno, linakwenda na kurudi juu ya reli siku nzima. Magurudumu yake yanazunguka taratibu, mzigo ni mkubwa kiasi, na yamekaa hasa pale vumbi la mbao linapomwagika. Hapo ndipo mahali pa kwanza pa bushi ya plastiki. Pa pili ni roli za kupokelea mbao zikishapasuliwa. Pa tatu ni bawaba na maegemeo ya mikono inayolishika gogo, ambavyo havizunguki mzunguko kamili bali vinakwenda na kurudi. Mwendo wa kwenda na kurudi ni adui wa gololi, kwa kuwa gololi zinachimba pale pale, na grisi haipati nafasi ya kuenea. Bushi haijali.

Tukishuka mjini, Unga Limited, mtaa uliochukua jina lake kwenye kiwanda cha unga, liko jambo la mashine za nafaka. Wenye viwanda vya unga na vya chakula cha mifugo wanaijua ile skrubu ndefu inayozunguka ndani ya bomba na kusukuma nafaka kutoka hapa kwenda kule. Skrubu ikiwa ndefu inahitaji kushikwa katikati, na beringi inayoishika inaning'inia ndani ya nafaka yenyewe. Ukiipiga grisi, grisi inadondoka kwenye unga ambao watu watapika ugali. Usipoipiga, inaungua, na beringi ya moto ndani ya vumbi la unga ni hatari ya moto. Tangu zamani wahandisi walizoea kuweka hapo mbao iliyojaa oili. Siku hizi wanaweka plastiki. Sioni sababu ya kuendelea kuweka gololi mahali hapo, na niko tayari kubishana na yeyote.

Kwenye kahawa, zile mashine za kumenya kahawa mbivu zinafanya kazi zikiwa zimelowa, na maji yanaosha grisi. Kwenye viwanda vya bia na soda, minyororo inayobeba chupa na reli zake huwa ni za plastiki kwa sababu hiyo hiyo, kuna maji, kuna sabuni, na hakuna anayetaka grisi karibu na kinywa cha chupa. Kwenye mitambo ya umeme wa maji, yale malango yanayofungua na kufunga maji ya kuzungusha mtambo yalikuwa yakipigwa grisi, na grisi ikaenda mtoni. Sehemu nyingi duniani wamebadili wakaweka bushi kavu. Vijito vya Meru vinateremka Kikuletwa na Kikuletwa inaingia Nyumba ya Mungu, kwa hiyo tunachokiacha majini huku juu kinafika kwa wenzetu.

Sasa upande wa pili, na tafadhali msizime redio hapa, maana hapa ndipo watu wanapopoteza pesa.

Adui wa bushi ya plastiki ni joto. Chuma hupitisha joto zaidi ya mara mia moja kuliko naironi. Joto la msuguano likizaliwa ndani ya bushi halina pa kwenda, linajikusanya, plastiki inalainika, inavimba, inaibana shafti, joto linazidi, na mwisho bushi inayeyuka. Kwa hiyo kabla ya kubadili beringi yoyote kuna hesabu ndogo. Shika kalamu.

Chukua gurudumu la toroli lenye shafti ya milimita 30, linazunguka mara 60 kwa dakika, yaani mara moja kwa sekunde. Zidisha kipenyo kwa 3.14, unapata milimita 94. Huo ndio mwendo wa uso wa shafti kwa sekunde, mita 0.094. Urefu wa bushi tuseme nao ni milimita 30. Zidisha urefu kwa kipenyo, unapata milimita za mraba 900. Mzigo juu ya gurudumu hilo uwe kilo 90, ambazo ni kama nyutoni 900. Gawanya, unapata nyutoni 1 kwa kila milimita ya mraba. Zidisha shinikizo hilo kwa mwendo, 1 mara 0.094, jibu ni 0.094. Hiyo ndiyo namba ya kuitazama. Naironi tupu, bila kilainisho chochote, inaanza kuchoka karibu na 0.1. Zile zilizochanganywa vilainishi na nyuzi zinapita hapo, na mtengenezaji huandika kikomo chake kwenye karatasi ya maelezo. Toroli letu, kwa bushi iliyochanganywa vizuri, lipo salama.

Sasa chukua shafti ya msumeno wa duara wenyewe, milimita 50, mizunguko 1,500 kwa dakika. Mwendo wa uso unakuwa karibu mita 3.9 kwa sekunde. Ni zaidi ya mara 40 ya toroli. Hapo plastiki kavu haina kazi. Weka gololi za kiwandani zenye kinga ya vumbi, zitunze, zipige grisi kwa utaratibu mashine ikiwa imesimama. Mtu akikuuzia bushi ya plastiki kwa ajili ya shafti ya msumeno, anakuuzia ajali. Na usiweke karibu na tanuru la kukaushia mbao bila kujua plastiki yako inastahimili nyuzi ngapi za joto.

Jambo la pili ni maji. Naironi inakunywa maji. Ikiachwa majini muda mrefu inaweza kunyonya maji karibu sehemu moja ya kumi ya uzito wake, na inavimba. Bushi ya naironi iliyokerezwa Januari ikakaa vizuri kwenye shafti, inaweza kuibana shafti hiyo hiyo masika yakishaingia. Fundi atasema plastiki ni mbovu, na plastiki haina kosa, nafasi iliyoachwa ndiyo ilikuwa ndogo. Kwa shafti ya milimita 30 acheni nafasi ya kama sehemu mbili za kumi za milimita, na penye maji muda wote, kama kwenye mashine ya kumenya kahawa, msiweke naironi kabisa. Wekeni asetali, ambayo wengi huiita Delrin, jina la kibiashara, au poliethilini ngumu, ile nyeupe ya vibao vya buchani.

Mtaitambuaje, wakati dukani zote ni fimbo nyeupe na muuzaji anaziita zote naironi? Chukueni kipande kidogo na ndoo ya maji. Kikielea kwenye maji ya kawaida, hicho si naironi, huenda ni poliethilini. Kikizama, mimina chumvi ya jikoni kwenye maji, koroga, endelea kuongeza mpaka chumvi igome kuyeyuka. Tumbukiza tena. Naironi tupu itaelea kwenye maji hayo ya chumvi, kwa sababu uzani wake ni 1.14 ukilinganisha na maji, na maji yaliyoshiba chumvi ni kama 1.2. Asetali, yenye 1.41, itabaki chini. Tefloni ina zaidi ya 2, utaihisi uzito wake mkononi. Angalizo: plastiki ya mabomba, PVC, nayo huzama, na naironi iliyotiwa nyuzi za kioo huzama pia, kwa hiyo ndoo inakuambia kile ambacho kitu si, kuliko kile kilicho. Lakini imewaokoa watu wengi kulipia kitu wasichokitaka.

Kwa mafundi wakerezaji nina ombi zito. Mkikereza tefloni, maranda yake msiyachome, wala msivute sigara mikono ikiwa na unga wake. Tefloni ikipata moto mkali hutoa moshi wenye sumu unaoleta homa na kifua kubana, na chembe chache tu kwenye ncha ya sigara zinatosha kukuuguza. Asetali nayo ikiungua hutoa gesi kali inayochoma macho. Kusanyeni maranda, yafungeni, yasiende kwenye jiko la mama lishe jirani. Na kwa kuwa tuko katika hilo, najua kwamba tangu Serikali ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 1 Juni 2019, neno plastiki limekuwa na sura mbaya, na ni haki. Bushi inalika, na kinacholika kinakwenda mahali. Chembe hizo ni kidogo kuliko grisi inayodondoka mwaka mzima, lakini zipo, na kwenye mashine za chakula agizeni zile zilizothibitishwa kwa chakula, ambazo nyingi huwa za rangi ya buluu ili kipande kikimeguka kionekane kwenye unga.

Naona shaka moja inayonirudia kila ninapozungumza na wenye mashine. Wanauliza bei ya bushi, wanailinganisha na bei ya beringi, basi. Hawahesabu saa ambazo mashine ilisimama, magogo yaliyolala yakaanza kubadilika rangi, vijana watano waliokaa kivulini wakilipwa, na kopo la grisi la kila mwezi. Sitawapa tarakimu, kwa sababu tarakimu ya kweli iko kwenye daftari la kila mmoja, na wengi hawana daftari hilo. Hapo vyuo vyetu vinaweza kusaidia. Wanafunzi wa Chuo cha Misitu pale Olmotonyi, na wale wa Chuo cha Viwanda vya Misitu kule Moshi, wakienda mazoezini wakahesabu kwa msimu mmoja tu kila beringi iliyokufa, ilikufia wapi na ilisimamisha kazi saa ngapi, tungekuwa na kitu cha kuwawekea wenye viwanda mezani. TEMDO wapo Njiro, kazi yao ni kubuni mashine. Ningependa kuona michoro ya mashine zao ikionyesha bushi kavu tangu mwanzo pale zinapofaa, badala ya fundi kubadili baadaye kwa kubahatisha.

Kwa atakayetaka kujaribu, anza na gurudumu moja la toroli, usibadili yote. Kabla ya kufunga, itazame shafti. Kama ina kutu au mikwaruzo, ikereze upya au badili, kwa sababu shafti yenye kutu inaikwangua bushi kama tupa na utando niliousema hautakaa kamwe. Bushi yenyewe iwe na ukuta mwembamba kadiri mzigo unavyoruhusu, ukuta mnene unafungia joto. Usiipake grisi, hata kwa nia njema. Ziba kile kinywa cha kupigia grisi, ili kijana wa zamu ya usiku asikipige kwa mazoea. Pima nafasi kwa kalipa, andika tarehe. Baada ya wiki moja pima tena, utaona imeongezeka, usishtuke. Wiki ya nne pima tena. Kama kasi ya kulika imeshuka, endelea na magurudumu mengine. Kama bado inalika kwa kasi ile ile, rudi kwenye shafti na kwenye ile hesabu ya mzigo.

Na anayetaka tuifanye hesabu hiyo hapa hewani, alete kituoni karatasi yenye mambo manne: kipenyo cha shafti, urefu wa bushi, uzito unaokaa juu yake, na mizunguko kwa dakika. Aandike pia kama sehemu hiyo inapata maji. Tutazichukua wiki ijayo saa hii hii, na tutaanza na za watu wa misumeno.